Brike ya majivu: dosie yetu imesoma ukurasa wa mwisho tu



Wiki mbili sasa watu wananiuliza mu grupu: "Yaya, saini yako iko wapi?" Dosie ya mradi wa brike ya majivu imepita kwa watu wanne wa tume ya ufundi. Watatu wamekwisha kutia saini, imebaki yangu. Nilimwambia mwenyekiti kwamba nitajibu kwa maandishi, hapa kwenye ukurasa wetu, mbele ya kila mtu, juu pesa inayoombwa ni ya kila mtu: dola 10 kwa kila memba, na dola 50 kwa wale walio Ulaya na Kanada. Jibu langu ni hapana. Sitatia saini dosie hii vile iko leo. Naomba mnisome mpaka mwisho mbele ya kunitukana.

Kwa wale ambao hawakuifungua, dosie inasema hivi. Mji wetu wa Lubumbashi umejaa takataka. Lopitali na kampuni kadhaa ziko na matanuri madogo ya kuchomea taka, na majivu yake yanatupwa nyuma ya ukuta. Basi tuyakusanye, tuyachanganye na simenti na mchanga, tufanye pave. Kazi ya kwanza itakuwa kutandika pave kwenye kiwanja cha shule moja ya msingi, ambapo watoto wanacheza mu matope wakati wa mvua na mu vumbi wakati wa kiangazi. Baadaye, "mshirika wa nje" atatuletea "malighafi ya brike" bure, ili kazi ikue. Kurasa 18, picha nyingi, na bajeti mwishoni.

Nianze na yale yaliyo mazuri, juu yapo. Vijana walioandika wameona kitu ambacho sisi wakubwa tumekizoea: majivu hayo yapo kweli, yanapeperushwa na upepo, mvua inayapeleka mu mifereji na kwenye visima, na hakuna anayeyauliza. Wameona pia kwamba simenti ni ghali, na kwamba brike za kuchoma tunazojengea zimekula vichuguu na miti mingi. Tena hawakudanganya waliposema majivu ya taka yanaweza kuwa kifaa cha ujenzi. Inafanyika. Ugomvi wangu hauko hapo.

Ugomvi wangu ni kwamba dosie imechukua mifano mitatu, Uholanzi, Japani na Singapore, na katika kila mfano imesoma ukurasa wa mwisho tu, ule wenye picha ya brike. Kurasa za mbele zimerukwa. Acha tuzisome pamoja.

Kwanza tuelewane juu ya majivu yenyewe. Mu tanuri kubwa la mji, ukichoma tani moja ya taka za nyumbani, chini ya moto yanabaki karibu kilo 200 mpaka 250. Hayo tuyaite majivu ya chini. Ndani yake mna vigae, chupa zilizoyeyuka, mawe, misumari, vipande vya shaba na aluminiumu. Lakini kuna majivu mengine, mepesi kama unga, ambayo yanapanda na moshi na kunaswa na vichujio mbele ya bomba. Hayo ni kidogo, kilo 20 mpaka 50 hivi, na njo mabaya kuliko yote. Humo njo zinajikusanya risasi, zinki, kadimiumu, chumvi nyingi ya klorini, na dioksini. Tuyaite majivu ya moshi. Ulaya yanahesabiwa kuwa taka ya hatari. Wajerumani wanayashusha ndani ya migodi ya chumvi chini ya ardhi. Norway iko na kisiwa kizima, Langøya, ambapo yametibiwa na kuzikwa kwa miaka mingi. Hakuna mtu mwenye akili anayeyafanya pave ya shule.

Sasa Uholanzi. Ni kweli, kwa miaka mingi majivu ya chini yalitumika pale chini ya barabara. Lakini kwa masharti: yafunikwe ili maji yasipenye, na yafuatiliwe baada ya hapo. Hata hivyo hawakuridhika. Mwaka 2012 serikali na wenye matanuri walipatana kwamba majivu hayo yasafishwe mpaka yaweze kutumika bila kufungwa, na wakajipa mpaka 2020. Kusafisha maana yake nini? Sumaku zinatoa chuma. Mashine nyingine zinatoa aluminiumu na shaba. Yanachekechwa, yanaoshwa, na yanaachwa kwenye malundo kwa wiki nyingi, yanywe hewa na mvua, mpaka ule ukali wake, unaofanana na wa chokaa mbichi, ushuke. Kisha yanapimwa. Huko brike inakuja baada ya viwanda viwili, kile cha kuchoma na kile cha kusafisha.

Japani ndiyo mfano ambao dosie inaupenda zaidi. Kule Hinode, magharibi ya Tokyo, tangu 2006 kuna kiwanda kinachopokea majivu ya miji ya eneo la Tama na kuyageuza kuwa simenti. Ni kazi ya ajabu, mimi mwenyewe naishangilia. Lakini angalieni vile wanafanya. Hawachanganyi majivu na simenti. Wanayarudisha kwenye moto, zaidi ya digri 1300, pamoja na mawe ya chokaa. Kwa joto hilo klorini na risasi vinageuka mvuke, vinanaswa, na chuma kinatenganishwa ili kitumike tena. Hata jina la simenti hiyo liko na kanuni yake ya kitaifa tangu 2002. Dosie yetu imeweka picha ya mfuko wa simenti hiyo, halafu chini yake imeandika: "Sisi pia tunaweza." Na nini, wandugu? Na burueti mbili na chepe?

Singapore ni nchi ndogo, haina ardhi. Majivu yake yanapelekwa baharini, kwenye kisiwa cha Semakau, kilichofunguliwa 1999 na ambacho kinatarajiwa kujaa karibu 2035. Kwa hiyo wao wako na haraka kutushinda sisi, na pesa kutushinda. Walikimbia? Hapana. Walichukua kipande cha barabara, wakatia majivu chini, wakapima kwa muda vile maji yanayopita pale yanabeba nini. Nchi yenye haraka imeona ni lazima kungoja, sisi tunataka kuanza na kiwanja cha watoto.

Na kuna nchi moja ambayo dosie haikuitaja hata mara moja: Uswisi. Wanachoma taka karibu zote zisizorudishwa kazini. Wako na pesa, wako na labo, wako na maenjenieri. Majivu yao ya chini wanayatoa chuma, halafu wanayapeleka kwenye dampo lililojengwa kwa kazi hiyo. Hawajengi nayo. Inawezekana wanaogopa kupita kiasi, sijui kuwahukumu. Lakini dosie ya ufundi inayotaja wale tu wanaokubaliana nayo ni tangazo la biashara.

Sasa niwaambie jambo ambalo wengi wenu hamlijui, na ambalo linanitia haya.

Miaka miwili iliyopita mimi mwenyewe nilifanya brike ya majivu. Nafundisha kemia, mnanijua, kichwa hakitulii. Kuna lopitali moja, sitaitaja, ambayo iliniachia mifuko sita ya majivu bure. Walifurahi kuona mtu anayabeba. Nikachanganya: fungu moja la majivu, fungu moja la simenti, mawili ya mchanga. Nikajaza kalibu 40 za mbao, nikalala na furaha. Saa ya usiku nikasikia kitu kama maharage yanachemka polepole. Nikatoka na tochi. Povu lilikuwa linatoka kwenye kalibu. Asubuhi pave zilikuwa zimevimba juu kama vitumbula.

Mwalimu wa kemia, na sikuwaza! Karatasi za vidonge, zile zenye aluminiumu, zilikuwa nyingi mu majivu. Simenti mbichi ni kali sana. Aluminiumu ikikutana na ukali ule inatoa gesi ya hidrojeni. Gesi inatafuta njia, betoni inajaa matundu. Ni jambo ambalo Waholanzi wanalijua, njo maana mashine zao zinatoa aluminiumu mbele. Mimi nilirudia kosa ambalo lilikwisha kuandikwa.

Kati ya 40, pave 26 zilionekana nzuri. Nilizipeleka kwa mama, nikazitandika kati ya jikoni na bomba la maji. Mama alifurahi, jirani wakasifu. Mvua ya kwanza, chumvi nyeupe ikatoka juu. Mvua ya pili, kona zikaanza kumomonyoka, kuku wanadonoa pale. Siku moja mtoto wa dada yangu, ana miaka mitano, alikuja kunionyesha kitu alichokichokoa kwenye kona ya pave. Kilikuwa kipande cha sindano.

Mama hakupiga kelele. Alisema tu: "Papa, ile mawe yako itaua batoto. Uitoe."

Nimeitoa. Lakini tangu siku ile, nikisikia neno "kiwanja cha shule", namwona yule mtoto na kile kipande mu kidole.

Mtaniambia: "Yaya, wewe ulikosa kuchekecha. Sisi tutachekecha." Sawa. Kuchekecha kutatoa sindano. Hakutatoa risasi wala dioksini. Matanuri madogo ya lopitali mengi hayana kichujio hata kimoja. Majivu yaliyonasa ndani ya bomba yanafagiliwa na kuangukia juu ya yale ya chini, kwa hiyo yale mafungu mawili ambayo Ulaya wanayatenga kwa nguvu, huku kwetu ni fungu moja. Tena moto wake mara nyingi hauna joto la kutosha. Kanuni za Ulaya zinataka moshi ukae angalau kwenye digri 850 kwa sekunde 2, na juu ya hapo, 1100, kama taka ya hatari iko na klorini nyingi. Mirija ya plastiki ya lopitali, ile ya PVC, ni klorini tupu. Tanuri la matofali linalowashwa kwa makala na mafuta kidogo halifiki pale kila siku. Basi majivu tunayotaka kuanza nayo, ya lopitali, ni mabaya kuliko yale ya nyumbani. Dosie imeanza na mlango mgumu ikidhani ni mwepesi.

Mwingine ataniambia, na hoja hii iko mu dosie, ukurasa wa 9: "Simenti inafunga sumu." Kuna ukweli ndani yake. Simenti inashika vyuma vingi, na kuna taka zinazotibiwa hivyo mbele ya kuzikwa. Angalieni neno: kuzikwa. Zaidi ya hapo, risasi iko na tabia yake. Mu maji ya kawaida haiyeyuki sana, lakini mu maji makali kama ya simenti mbichi inaanza tena kuyeyuka. Na pave si jiwe la milele. Miguu 600 ya watoto kila siku inaisugua, inakuwa vumbi. Miaka kumi ikipita inavunjwa, vipande vinatupwa mu mfereji au vinajaza shimo la barabara, na hapo hakuna atakayekumbuka vilitengenezwa na nini. Dosie haina hata mstari mmoja juu ya siku ile.

Msidhani naogopa kivuli. Yaliwapata Waingereza. Mji wa Newcastle, mtaa wa Byker, ulikuwa na tanuri la taka. Kati ya 1994 na 1999, takriban tani 2000 za majivu yake yalitandazwa kwenye njia za bustani ambamo watu wa kawaida wanalima mboga na kufuga kuku. Yalionekana kifaa kizuri cha kutandika njia, cha bure. Majivu ya chini na ya moshi yalikuwa yamechanganywa. Walipokuja kupima, walikuta dioksini na vyuma vizito, watu wakakatazwa kula mayai ya kuku waliokuwa wakidonoa pale, majivu yakachimbuliwa, na kesi ikafika mbele ya mahakama. Ile ni nchi yenye wapimaji, na bado ilichukua miaka mitano. Kwetu kuku anadonoa kila mahali. Nani atakuja kupima yai la mama mu Katuba ao mu Kenya?

Nafika sasa kwenye ukurasa wa 15, ule wa "mshirika wa nje". Nimeusoma mara tatu. Inasemwa kwamba kampuni fulani, jina halikuandikwa, iko tayari kutuma "malighafi ya brike" bure, na hata kulipa usafiri mpaka bandarini. Wandugu, neno hilo lina historia mu Afrika, na ni lazima kila msomi wa bara hili aijue.

Mwanzo wa 1988, meli iliyoitwa Bark ilimwaga karibu tani 15000 kwenye kisiwa cha Kassa, mbele ya Conakry, nchini Guinea. Kwenye karatasi iliandikwa kuwa ni malighafi ya matofali. Ilikuwa majivu ya taka ya mji wa Philadelphia, Marekani. Watu wa kisiwa walijua pale majani na miti ilipoanza kukauka. Serikali ya Guinea iliamuru yaondolewe, balozi wa heshima wa Norway akakamatwa, juu waliosafirisha walikuwa kampuni ya Norway, na mwaka uleule majivu yakarudishwa Marekani. Majivu ya mji huohuo yalipanda pia meli nyingine, Khian Sea, mwaka 1986. Ilizunguka bahari ikikataliwa bandari kwa bandari. Januari 1988 ilimwaga karibu tani 4000 kwenye ufuko wa Gonaïves, Haiti, na huko waliambiwa kuwa ni mbolea. Yaliyobaki yaliishia baharini. Lundo la Haiti liliondolewa mwaka 2000. Miaka kumi na miwili!

Mambo kama haya njo yaliyosukuma dunia kuandika mapatano ya Basel mwaka 1989, na Afrika yenyewe kuandika ya Bamako mwaka 1991, yanayokataza kabisa kuingiza taka ya hatari barani. Mabaki ya kuchoma taka za nyumbani yametajwa wazi kwenye orodha za mapatano yote mawili. Nchi yetu ni mwanachama. Kwa hiyo, ukurasa wa 15 unatuomba sisi, chama cha waliomaliza masomo, tuchangishane pesa ili tukatende kosa la sheria, tena bila kujua. Sisemi vijana wetu ni wabaya. Nasema mtu asiye na jina akikupa mzigo bure na kukulipia usafiri, yeye njo anayepata faida. Kule kwake kuzika tani moja ya taka ya hatari ni pesa nyingi. Hapa inakuwa zawadi.

Na sisi wa Lubumbashi tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Mwaka 1911 shaba ilianza kuyeyushwa mu mji huu. Kila mtu aliyepita hapa anajua ule mlima mweusi kando ya bomba kubwa la moshi. Ni mabaki ya moto. Kwa miaka wazee waliuita takataka. Kisha wakaja watu na hesabu, wakaona ndani yake mna kobalti na zinki ya kutosha kulipa kiwanda kizima, wakaanza kuula mlima. Somo ni lipi? Moto hauli chuma. Unakula karatasi, mti, plastiki. Chuma unakiacha, tena kimekusanyika pamoja. Ikiwa kiko na faida, mtu atakuja kukichukua. Ikiwa ni sumu, kitatungojea.

Mwaka 2009 watafiti wa Université de Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kobalti waliyoikuta ilikuwa kati ya viwango vikubwa kabisa vilivyowahi kuonekana kwa watu wasio wafanyakazi wa viwanda, na watoto walikuwa na nyingi. Watoto wetu tayari wako na mzigo. Hatujui mwili wa mtoto unaweza kubeba nini zaidi, na si sisi wa kujaribu.

Najua maneno yatakayokuja. "Yaya anapenda kuvunja moyo." "Bazee hawataki vijana wafanye kazi." Nimeyasikia. Lakini angalieni bajeti, ukurasa wa 17. Fulana na sherehe ya kukata utepe: dola 400. Picha na video: dola 250. Kupima: hakuna. Hata dola moja. Kipimo kimoja kinachotumika Ulaya ni rahisi kukieleza: vunja pave, saga, tia mu maji mara kumi ya uzito wake, tikisa saa 24, chuja, kisha pima risasi, zinki, shaba, antimoni na chumvi iliyotoka. Tuko mu mji wa migodi. Labo za kupima chuma si kitu kigeni kwetu. Tuna wenzetu wa promosio hii hii wanaofanya kazi humo. Hakuna aliyewauliza. Dosie iliyo na pesa ya utepe na haina pesa ya kipimo imekwisha kutuambia inachokitafuta.

Na kama kuna anayewaza kwamba siku moja mji utajenga tanuri kubwa na majivu yatakuwa mengi, amwangalie jirani. Addis Ababa ilizindua tanuri la Reppie mwaka 2018, lililopangwa kuchoma tani 1400 kwa siku, mwaka mmoja baada ya lundo la taka la Koshe kuporomoka na kuua watu zaidi ya 100. Haja ilikuwa ya kweli. Lakini taka za miji yetu ni maganda ya mihogo, majani ya lenga-lenga, mabaki ya bukari, na mchanga wa kufagia. Ni mbichi, zimejaa maji. Kuchoma kitu kama hicho ni kuchoma mayi. Njia yake ya asili ni mbolea, si moto.

Sasa, ili msiseme nimebomoa bila kujenga, hiki njo nitakachotia saini. Moja: ukurasa wa 15 utolewe kabisa, na mshirika asiye na jina aandikiwe kwamba hatutaki. Mbili: majivu ya lopitali yasiguswe kwa ajili ya kujenga, badala yake chama kiandikie wakubwa wa afya na wa komini kwamba yanatupwa ovyo, jambo ambalo vijana wameliona vizuri kuliko sisi. Tatu: pave za shule zifanywe, na pesa hiyo hiyo, kutokana na brike za kuchoma zilizovunjika, ambazo ziko kwenye kila shantie na kila tanuri la brike mu pembeni ya mji. Udongo uliochomwa vizuri na kusagwa laini unashikana na chokaa. Ni maarifa ya tangu Waroma. Hautoi povu usiku, wala hauna sindano. Nne: hata hizo tuzipime, tuweke matokeo hapa kwenye ukurasa, mazuri kwa mabaya.

Dosie kama hiyo nitaitia saini siku hiyo hiyo, na dola 10 zangu nitazifanya 30.

Nimalizie na zile pave 26. Niliwaambia nimezitoa kwa mama. Ziko nyuma ya nyumba yangu, ndani ya mifuko, chini ya bati. Kila mwezi nawaza niende kuzitupa wapi. Lopitali iliyonipa majivu haiyataki tena. Kwa dampo, watoto wanaokota vyuma watazivunja. Mu mto Kafubu sitatupa. Nimeuliza watu watatu wa kazi hiyo mu mji huu, wote wamenijibu sawasawa: "Yaya, weka tu kwako kwanza."

Basi ziko kwangu. Kabla hatujafanya 5000 za shule, anayejua mahali pa kupeleka 26 aniambie.